Maji ya Moto ya Chumba cha Sita

Atupele mwanangu,

Salamu naziruka, maana asubuhi umeshaniamkia na chai tumekunywa pamoja. Nianze na kandambili.

Jumanne uligonga mlango wa chumba changu mara tatu, ukarudi nyuma hatua moja kama mlivyofundishwa chuoni, ukaita kwa ile sauti yenu ya kizungu, "Hausikipingi!" Ulikuwa unacheza tu. Mimi nilikuwa nakunja nguo zako za safari. Nikafungua mlango nikakurushia kandambili, ikakupata begani, na nikakwambia ukigonga tena mlango wangu namna hiyo utanitambua. Ulibaki umenikodolea macho. Baadaye nikakusikia kwenye simu unamwambia shoga yako, "Maza kachanganyikiwa, nadhani ni mambo ya safari." Si safari, mwanangu. Au tuseme ni safari, lakini si kwa namna unayodhani wewe.

Habari za sweta, za kunywa maji mengi, za pasipoti ikae wapi, sizirudii. Nimeshasema mpaka mdomo umekauka. Barua hii ni ya jambo moja. Umekwenda kanisani wakakuombee, na nimekwambia usirudi haraka, ukawaage na akina mama wa kwaya mmoja mmoja. Nimekufukuza makusudi ili nipate kuandika kukiwa bado na mwanga. Baba yako yuko uani anapukuchua mahindi. Kesho alfajiri unapanda basi, na mpaka saa hii hajakuaga, na amesema hatakuaga. Anayeweza kulibadilisha hilo ni mimi peke yangu, na nimekaa nalo wiki sita nikimeza mate.

Unajua anachosema. Chuo alikuruhusu akidhani utalii ni kukaa ofisini na kukata tiketi. Ulipomletea ile karatasi kwamba umepata fildi, mazoezi ya kazi, Uturuki, hotelini, idara ya vyumba, aliisoma akaiweka mezani kama kitu kichafu. "Watu wa hoteli ndio waliomwacha baba yangu alale sakafuni kama hana mwenyewe. Leo mwanangu ndiye akawe mmoja wao? Aende, lakini baraka yangu asiitafute." Tangu siku ile ukimwamkia anaitikia marahaba huku anaangalia ukuta. Juzi ulilia ukaniuliza, "Mama, kwani mimi nimemkosea nini baba?" Nikakujibu eti ana presha. Presha! Mungu anisamehe. Hujamkosea kitu. Aliyemkosea ni mimi, adhabu unaibeba wewe.

Wewe na wadogo zako mmekua mkisimuliwa kwamba babu yenu alikuja Sumbawanga kutoka Rungwe kumtembelea mwanawe, akafikia gesti moja karibu na stendi, akaugua, wahudumu wakampuuza, akafa. Yote hayo ni kweli. Ambalo hamkuambiwa, na ambalo baba yako naye halijui, ni kwamba mhudumu aliyekuwepo siku ile ni mimi.

Haya, nimeandika.

Sasa nikueleze vizuri, usije ukadhani mama yako ana roho mbaya. Kwetu Rungwe mke hakutani na baba mkwe. Wewe umezaliwa huku, umeyaona kwa mbali tu mambo hayo, na siku hizi hata kule wamelegeza. Wakati wangu haukuwa mchezo. Ukimsikia anakuja njiani unajitosa kwenye migomba mpaka apite. Humwangalii, husemi naye, hulali naye chini ya paa moja, na jina lake hulitamki hata ukiwa peke yako. Siku ya harusi yangu nilijifunika hivi kwamba nilichoona kwake ni viatu. Unakumbuka ulipoanza shule, nilivyokuwa nakupa kalamu uandike mwenyewe jina lako la tatu kwenye madaftari? Ulijisifu kwa wenzako kwamba mama anakuamini. Nilikuwa siwezi kuliandika, maana ni lake.

Baba yako alikuwa bwana shamba kijana, kahamishiwa huku, kapangiwa Milepa, kule bondeni. Anashuka huko wiki mbili mbili, mimi nabaki huku mjini, Kizwite, kwenye chumba kimoja cha kupanga. Simjui mtu, Kifipa sikijui, na ile baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Nikachoka kukaa nikihesabu mabati. Siku moja, ameshashuka zake, nikajifunga kitambaa nikaenda kuomba kazi gesti, nikapata. Yeye sikumwambia. Niliona angekataa, nikasema moyoni akirudi atanikuta nimeshazoea, atakosa la kusema. Ujanja wangu huo. Wewe ulikuwa tumboni tayari na mimi sina habari.

Aliyenipokea alikuwa dada mmoja Mfipa, Skolastika, tukimwita Skola, mnene, mcheshi, rozari shingoni saa zote. Siku ya kwanza nilitandika kitanda akakitazama, akakivuruga chote. "Nyie watu wa ndizi, hili shuka umetandika au umefunga mzigo?" Akanionyesha pembe zinavyokunjwa. Siku ya pili mgeni mmoja, mfanyabiashara wa mahindi, aliita kutoka ndani, mimi nikamjibu nikiwa nje nimeshikilia ukuta. Skola akanivuta pembeni. "Mdogo wangu, mgeni akiita unaingia. Hata kama kavua nguo, fumba macho, lakini ingia." Tukacheka mpaka tukakaa chini koridoni. Nikwambie ukweli, siku hizo tatu nilizipenda. Nilikuwa na aproni yenye mifuko na rundo la funguo, na watu wananiita dada. Ndiyo maana nilipoona unavyoipenda kazi hii, nilishindwa kukukataza.

Siku ya nne Skola alikwenda sokoni kutafuta mkaa na sabuni, akaniachia vyumba. Mwenye gesti hakuwa mtu wa kushinda pale. Nikafungua daftari la wageni nione vyumba vyenye watu. Chumba cha sita, mgeni wa jana jioni, ametoka Tukuyu, kwetu Rungwe. Nikasoma jina. Atupele, lilikuwa lile nisiloweza kulitamka.

Alikuja bila taarifa, maana simu walikuwa nazo wachache, na Milepa hata wachache hao hawakuwepo. Alijua tuna chumba kimoja, na yeye hawezi kulala nilipo mimi. Kwa heshima yake akafikia gesti, asubiri mwanawe apande kutoka bondeni. Alikwenda pale ili asinikute, na mimi ndiye niliyekuwa pale.

Nikasema hamna neno, chumba hicho atafanya Skola. Nikapita mbele ya mlango wake kwa kunyata, ndoo mkononi, nikasikia anaita. "Mhudumu." Sauti nzito, ya taratibu, kama mtu ana kitu mdomoni. "Mhudumu, njoo."

Nikajiambia anataka maji ya kuoga. Ulikuwa mwezi wa saba, na unaujua mwezi wa saba wa Sumbawanga, mgeni akifumbua macho tu ni maji ya moto. Nikachemsha. Nikaweka ndoo mlangoni, nikagonga, nikakimbia nikajificha nyuma ya choo kama mwizi wa kuku. Nikatega sikio. Mlango haukufunguliwa. Nikarudi nikayagusa maji, yamepoa. Nikayabeba mpaka jikoni nikayapasha, nikayarudisha, nikagonga, nikakimbia. Mara tatu, mwanangu. Nimeyapasha maji yale mara tatu. Mara ya pili alikuwa bado anaita, ila hayakuwa maneno tena, ilikuwa sauti tu. Mara ya tatu palikuwa kimya, na mimi mjinga nikashukuru. Nikasema kapitiwa na usingizi. Ufunguo wa akiba wa chumba cha sita ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu muda wote huo.

Nje palikuwa na fundi viatu. Nikamwendea, nikamwambia, "Kaka, naomba uingie chumba cha sita, kuna mzee mle umwangalie." Akaniangalia juu mpaka chini. "Kwani mhudumu si wewe?" Ningemweleza vipi mtu baki kwamba nimeshindwa kumfungulia mzee kwa sababu namheshimu? Nikarudi ndani nikaanza kufagia koridoni, nafagia palepale nilipokwisha kufagia.

Skola alirudi saa saba imepita. Akaiona ndoo. "Hii vipi?" Akagonga, akafungua, nikamsikia anapiga kelele, "Yesu na Maria!" Babu yenu alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango. Alikuwa ameshatambaa nusu ya njia. Skola akaniita, "Njoo ushike miguu tumbebe!" Na hata hapo sikuingia. Nilisimama nimejifunika uso kwa aproni, mpaka fundi viatu akanipiga kikumbo akapita. Walimpakia kwenye mkokoteni. Hospitali wakasema ni kiharusi, na kwamba angefikishwa asubuhi huenda wangefanya kitu. Alifariki siku ya pili yake.

Habari zilipomfikia bondeni, baba yako alipanda na lori la mpunga usiku kucha. Alipofika alikwenda moja kwa moja gesti, mimi nyuma yake, nimevaa kanga zangu mbili, mke wa mfiwa. Akauliza nani alikuwa zamu. Mwenye gesti, ambaye alikuwa hajaniona hata siku moja, akamwita Skola. Skola akaniangalia, Atupele. Hakuniangalia kwa hasira, aliniangalia kama anayenisubiri. Nami nikainamisha kichwa. Ndipo akasema, "Ni mimi. Nilikwenda sokoni nikachelewa." Baba yako alimtukana matusi ambayo sijayasikia kinywani mwake kabla wala baada ya hapo, na mwenye gesti akamfukuza palepale. Nikamfuata mpaka barabarani. Nilitaka kumwambia neno, lolote, asante hata. Akavaa sweta lake akaniambia, "Nenda kamzike mkweo." Sijamwona tena. Nimeulizia, wengine wanasema aliolewa, wengine hawamjui kabisa.

Uso wa babu yenu nimeujua kwenye picha ile ya sebuleni. Kila Jumamosi naifuta vumbi. Mmezoea kunitania kwamba naipenda picha ya mkwe kuliko ya harusi yangu, na mimi hucheka nanyi.

Kwa nini sikusema? Mwanzo niliogopa baba yako atanirudisha kwetu na mimba. Ukazaliwa, nikasema ngoja mtoto aache ziwa. Wakaja wadogo zako. Kila nikijiandaa, baba yako anakaa na wageni anasimulia tena habari za watu wa hoteli, na mimi ndiye ninayewamiminia chai. Ningeanzia wapi? Miaka ilipita hivyo, na uongo ukawa kama samani ya nyumba, tunaupitia pembeni tu.

Mila sizilaumu. Nilipokwenda nyumbani nikamwuliza bibi yako mzaa mimi, kwa kuzungukazunguka, kwamba mkwe akiugua na hakuna mtu, mwanamke anafanyaje. Alinishangaa. "Unaingia. Unamhudumia. Halafu wazee wanakaa, mnafanyiwa yale ya kusafishana, yanaisha." Kumbe kulikuwa na utaratibu! Kila mtu aliujua isipokuwa mimi, kwa sababu sikuwahi kuuliza, nilishika woga tu nikauita heshima. Nilitoka pale nikaenda kulia shambani kwenye chai, mpaka wachumaji wakadhani nimefiwa.

Basi sasa wewe. Siku zako za kwanza huko nitakuwa sili. Nakujua utakavyokuwa, lugha huielewi, wenzako wana haraka, msimamizi anakutajia namba za vyumba unaitikia tu. Siku moja utapita mbele ya mlango na kusikia kitu ndani, na utakuwa na sababu nzuri ya kupita, kwamba si zamu yako, kwamba wewe ni wa fildi tu, kwamba watu wa kule wana mambo yao. Sababu zangu nazo zilikuwa nzuri. Ingia, mama. Ukiona hapafai kuingia peke yako, piga kelele mpaka wote watokee koridoni. Na mgeni akitaka kukuvunjia heshima, toka mbio na useme siku hiyohiyo, kwa sauti, jina na chumba. Usimfichie mtu aibu yake kama Skola alivyonifichia yangu. Alifanya kwa huruma, na iliniharibu.

Jambo linaloninyima usingizi kuliko yote ni kwamba nimekulea ufanane nami. Ulivunjika kidole darasa la sita ukakaa nacho siku mbili, nikikuuliza unasema "niko poa mama." Nilikusifu kwa watu eti mtoto wangu mvumilivu. Uvumilivu gani? Ulikuwa umeshaona nyumba hii jinsi tunavyoishi. Nikikupigia simu kutoka huku usinijibu poa. Nijibu kilichopo. Kama unalia, lia nisikie. Kama umeshindwa, rudi, nitakupokea hata kama itakuwa ni mimi peke yangu.

Na sijui nitakupokelea wapi. Nikisema hili anaweza kunifukuza, na sitakuwa na mdomo wa kujitetea. Anaweza kuita ndugu zake. Wadogo zako wataniangalia vipi? Nimeshindwa, Atupele, nakwambia ukweli, nimeshindwa kabisa. Jana uliitafuta pasipoti yako ukapekua kabati lote, utakumbuka. Niliichukua mimi. Niliiweka chini ya godoro nikailalia mchana mzima nikijifanya kichwa kinauma. Nilitaka ukose safari ili nisilazimike kusema. Halafu nikakusikia unalia jikoni kwa sauti ya chini, nikairudisha kwenye lile koti ulilokuwa umeshalipekua mara mbili. Mama gani anamfanyia mwanawe hivyo? Mimi. Ndivyo nilivyofika.

Nilianza barua hii nikidhani nitaipenyeza begini uikute ndani ya ndege. Nimeandika mpaka hapa ndipo naona haifai. Wewe ungejua, yeye asingejua, na ungekuwa umeondoka bila kuagwa na baba yako vilevile. Sitaki uingie kwenye nchi ya watu ukiwa umebeba hasira isiyo yako. Kwa hiyo atakayeisoma kwanza ni yeye. Nampelekea uani sasa hivi, kabla hujarudi kutoka kanisani. Nitakaa mbele yake mpaka amalize. Baba Atupele, kama umefika hapa, nipo mbele yako, nitazame.

*

Amesoma. Amesoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena tangu mwanzo. Magunzi yalimwagika miguuni pake wala hakuyaokota. Nikamwambia anipige kama anataka, hakuniangalia hata kidogo. Amekaa hivyo mpaka kuku wameingia wenyewe bandani.

Halafu ameinuka, ameingia ndani, amelichukua begi lako kubwa na kulijaribu mkanda kama utahimili. Akauliza, si mimi hasa, aliuliza begi, "Basi la mtoto linaondoka saa ngapi?" Nikasema saa kumi na moja. Akasema, "Nitampeleka mimi. Wewe utabaki." Kisha akaikunja barua hii, akasema atakupa mwenyewe. Nimemsihi aniachie niongeze mistari hii michache, amesimama juu yangu anangoja.

Nakusikia getini unaimba. Anakwenda kukufungulia, mwanangu, na mimi nimekaa hapa nilipo. Kesho pale stendi usinitafute. Atakuwepo yeye.

Mama yako